Siku moja Mji Mkongwe: anzia Darajani, malizia Forodhani

Nianze na hili manake ndo linaloharibu siku za watu wengi: ukishuka boti pale bandarini Malindi, Unguja, usifuate njia ya baharini moja kwa moja mpaka Forodhani. Najua kila picha uloiona ya Unguja ni ya Forodhani na roho yako yote iko huko, lakini Forodhani asubuhi ni bustani tu, viti, miti, paka, na kijana mmoja anaetaka kukuuzia safari ya kisiwani. Meza za vyakula zinaanza kupangwa alasiri na moto unakolea magharibi ikikaribia. Sasa wewe ushaimaliza asubuhi yako hapo, ukija kuingia mjini jua liko utosini, sokoni samaki wa maana wamekwisha, na jioni uko hoi umelala chumbani wakati mji ndo kwanza unachangamka. Fanya kinyume chake. Anza nyuma ya mji kule sokoni Darajani asubuhi, mchana katisha kwenye vichochoro ambako kuna kivuli, jioni utokee baharini. Jua lenyewe linakwenda hivo hivo, wewe lifuate tu.

Jengine la mwanzo, lala usiku mmoja. Watu wa Dar wanapenda ile ya kuja na boti ya kwanza na kurudi na ya mwisho, inawezekana, boti yenyewe inachukua kama masaa mawili hivi baharini, lakini boti ya mwisho inaondoka jioni kabla jua halijazama, kwahiyo utaondoka bila ya kuona nusu nzuri ya siku. Vyumba vya bei nafuu vipo Malindi na Mkunazini, ulizia. Kama ni mtu wa bara chukua kitambulisho chako cha taifa, bandarini utaulizwa, na hata kwenye makumbusho kina faida yake manake mwananchi ana bei yake na mgeni wa nje ana bei yake, na tofauti si ndogo. Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga kwa ajili ya sala, Ramadhani mchana usitegemee kula wala kunywa hadharani, na masika, yani Machi mpaka Mei, uje na viatu vya plastiki manake mvua ikishuka baadhi ya njia zinageuka mito.

Mavazi ntasema mara moja tu. Huu ni mji wa watu, kuna watoto wanakwenda chuoni, yani madrasa, na mabibi wamekaa vibarazani, kwahiyo mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Hakuna atakaekupiga ukivaa kaptura, ila utaona mwenyewe namna salamu zinavyopungua. Na salamu hapa ndo ufunguo, mzee umpe shikamoo yake, ukiingia duka toa salamu kwanza afu ndo uulize bei. Mtu akikurukia na "hii shilingi ngapi" bila hata hujambo, bei anayotajiwa inakuwa na adhabu ndani yake.

Kuhusu kupotea, utapotea, hilo usihangaike nalo. Ramani ya simu kwenye vichochoro inachanganyikiwa, nyumba zimebanana na kuta nene, ile alama yako ya buluu inaruka juu ya mapaa ya watu. Kumbuka kitu kimoja tu: mji umekaa kama pembetatu, pande mbili bahari na upande wa tatu ni barabara kubwa ambayo kwenye kibao imeandikwa Benjamin Mkapa lakini wenyewe tunaita Creek Road. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa mji unabaki karibu kisiwa, ng'ambo ya maji ndo Ng'ambo, na daraja la Darajani lilikuwa daraja kweli. Wakati wa Muingereza pakafukiwa. Kwahiyo ukishika njia yoyote ukaenda nayo moja kwa moja, baada ya dakika kumi au robo saa utatokea ama baharini ama barabarani, na hapo utajua ulipo. Ukishindwa kabisa muulize mtoto. Watoto wanakupeleka mpaka mlangoni.

Ukitoka bandarini utakutana na mapapasi, hao vijana wanaojitolea kukuongoza kabla hujawaomba. Wengine watu wazuri tu na wanaujua mji kuliko vitabu, lakini mwenye leseni ya kutembeza watu ana kitambulisho na haoni tabu kukuonesha, na bei mnakubaliana kabla ya hatua ya kwanza. Neno "utanipa chochote" usilikubali hata kidogo, manake chochote chako na chochote chake havijawahi kulingana. Kama hutaki kuongozwa sema "ahsante, mimi mwenyeji" na uende zako huku unacheka, hata kama lafudhi yako ya Mwanza inakusaliti.

Haya, Darajani. Kutoka bandarini ni mwendo mfupi wa miguu kwa Creek Road. Jengo la zamani la soko lilijengwa 1904 na bado ndo moyo wa mji, ingawa eneo zima limebadilika sana miaka hii ya karibuni kwa ujenzi. Ingia upande wa samaki kwanza, harufu utaizoea. Utakuta jodari, nguru, changu, ngisi, pweza amelazwa juu ya meza na mikono yake, papa mara nyengine, na mnada ukiwepo simama pembeni uangalie namna wanavyopandishiana bei kwa ishara ya jicho tu. Usivae ndala za kitambaa, chini kuna maji. Ukitoka hapo pitia kwenye viungo: mdalasini, hiliki, pilipili manga, karafuu, manjano. Vile vipakti vya plastiki vilivyofungwa vizuri vyenye picha ya mnazi ni vya watalii, wewe tafuta muuzaji anaepima kwa mizani na umuombe unuse, hiliki nzuri inakupanda mpaka kwenye macho. Karafuu zenyewe nyingi zinatoka Pemba, na Mpemba akikuuzia atakwambia hivo kabla hujauliza.

Kama hujanywa chai, hapa hapa. Chai ya rangi yenye tangawizi, mandazi na mbaazi za nazi, au vitumbua kama bado vipo. Usile sana, mchana kuna biriani na usiku kuna mambo makubwa.

Ng'ambo ya barabara kutoka sokoni, kama unapenda historia ya karibuni, pana Kisiwandui, afisi kuu ya CCM Zanzibar, na hapo ndo lilipo kaburi la mzee Karume, aliuawa hapo hapo 7 Aprili 1972. Ukitazama mbele zaidi utaona majumba marefu ya Michenzani yalojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Wageni wengi hawavuki hiyo barabara hata mara moja, wanadhani Zanzibar inaishia kwenye milango ya kuchonga, na wakati watu wengi wa mjini wanaishi huko. Huna haja ya kwenda mbali, simama tu upande huu uangalie.

Sasa rudi ndani uelekee Mkunazini, dakika tatu nne tu. Hapa ndo sehemu moja ambayo nasema toa pesa ya kiingilio bila ya kubishana. Ni kanisa la Anglikana, limejengwa juu ya soko la mwisho la watumwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko mwezi wa Juni 1873 baada ya kubanwa sana na Muingereza, na mwaka huo huo Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere ndo aliesimamia, na mwenyewe kazikwa humo nyuma ya madhabahu. Pale palipo madhabahu inasemwa ndo palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, utaona duara la marumaru sakafuni. Kuna msalaba wa mbao ya mti ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake kule Chitambo, Zambia ya leo. Na angalia zile nguzo za karibu na mlango wa magharibi, zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, hadithi ni kwamba mafundi walizipandisha wakati askofu hayupo, aliporudi akaziacha. Mimi hiyo naipenda kuliko vyote, manake kila fundi wa Kiswahili namjua yuko hivo.

Nje kuna sanamu za watumwa watano wamesimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya 1998, minyororo yenyewe ya kweli. Usipige picha ya kucheka hapo, jamani. Chini ya jengo la jirani watakuteremsha kwenye vyumba vya giza vyenye dari fupi na kukwambia watu walikuwa wanafungiwa humo kabla ya kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka vyumba hivo, wanasema jengo lenyewe lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Sikiliza muongozaji, na soma yale mabango ya maonesho, yameandikwa kwa Kiswahili pia na yana uzito kuliko vyumba. Na jua kwamba kufungwa soko hakukumaliza utumwa, sheria ya kuufuta ilikuja 1897, miaka 24 baadae, na kati hapo biashara ilifanywa kwa siri na majahazi usiku.

Ukitoka hapo itakuwa karibu adhuhuri. Kula Mkunazini. Lukmani iko hapo karibu na watu wote wanaijua, unachagua kwa kuona, wali wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, biriani, foleni ndefu mchana lakini inakwenda. Kama huipendi foleni zipo mama lishe nyingi pembeni. Maji unywe mengi, na ukitaka choo tumia cha hapo hapo ulipokula, usije ukaanza kukitafuta vichochoroni.

Baada ya kula watu wenye akili wanapumzika, na wewe pumzika hata nusu saa, afu ndo uingie ndani ya mji. Hii sehemu ya vichochoro haina ratiba na ndo mji wenyewe. Majengo yana majina na tarehe, utayasoma popote, lakini vichochoro lazima uvitembee kwa miguu yako. Nitakwambia cha kuangalia tu.

Angalia kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zinashikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake haizidi, ndo mana vyumba vya nyumba za zamani vyote vyembamba na virefu kama behewa la treni, fundi hana namna ya kutanua. Chokaa inapumua, ikizibwa kwa saruji maji yanabaki ndani na ukuta unaanza kuvimba na kumwaga, utaona nyumba nyingi zimekufa hivo, na nyengine zimekufa kwa sababu paa lilitoboka na wenyewe wako mbali, ndugu kumi na tano wanarithi nyumba moja hakuna anaetaka kununua bati. UNESCO iliuingiza mji kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, jambo zuri, lakini cheo hakikandiki chokaa.

Angalia milango. Ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mraba, ni wa mtindo wa Kiarabu wa Oman, na mara nyingi juu yake kuna maandishi ya Qurani. Ule wenye upinde juu, umejaa majani na maua, ni mtindo wa Kihindi. Vile vyuma vya shaba vilivyochongoka asili yake India, inasemwa vilikuwa vya kuzuia tembo wasisukume mlango, sasa Unguja tembo watoke wapi, vikabaki urembo na kuonesha kwamba mwenye nyumba anazo. Chini ya fremu mara nyingi pana samaki, pembeni pana mnyororo, tafuta na maua ya yungiyungi. Ukipata mlango mzuri usikimbilie simu, piga hodi kwanza au uliza kama kuna watu wamekaa, manake huo ni mlango wa mtu na huenda nyuma yake kuna mama anafua.

Angalia vibaraza, yale mawe ya kukalia pande zote mbili za njia. Kwenye vibaraza watu wanauza, wanasuka, wanacheza bao, wanaposa, wanavunja ndoa. Mvua ikijaza njia ndo unapitia juu yake. Ukichoka kaa, hakuna atakaekufukuza, ila toa salamu. Na ukisikia honi nyuma yako banana na ukuta upesi, vespa na baiskeli hazipunguzi mwendo.

Ukitaka pa kupitia, shika njia ya kutoka Mkunazini kwenda Hamamni. Pale kuna hamamu alojenga Sultani Barghash kwa ajili ya watu wa mji, maji hayapo tena, ni vyumba vitupu na mabirika makavu, dakika kumi zinatosha na kama umebana pesa pita tu nje. Endelea mpaka Sokomuhogo, uliza Jaws Corner kila mtu anapajua.

Jaws Corner ufike baada ya sala ya alasiri. Mapema pamepoa. Alasiri wazee wametoka msikitini, karata na dhumna ziko mezani, mwenye kahawa anapita na mabirika yake ya shaba na mkaa chini, kikombe kidogo cha kahawa chungu, kashata ya njugu pembeni. Kunywa vitatu, bei yake ndogo mno. Hapa siasa zinazungumzwa kuliko bungeni, bendera na mabango juu ya kichwa chako yatakwambia upande gani wa siasa una nguvu kona hii, na kama wewe mgeni ushauri wangu sikiliza, cheka panapochekwa, usitoe maoni. Mkiulizwa mnatoka wapi ndo mmekaribishwa. Ukiweza kucheza bao la Kiswahili jaribu, utafungwa na mzee wa miaka sabini bila hata kuangalia ubao, na watu watakupenda kwa hilo.

Kutoka hapo Minara Miwili iko karibu, kanisa la Wakatoliki lilojengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890, minara yake unaiona toka baharini lakini ukiwa chini inapotea kabisa, unakata kona ghafla ndo hiyo. Mlango wa mbele mara nyingi umefungwa, jaribu wa nyuma. Ndani ya eneo hili dogo kuna misikiti karibu 50, mahekalu ya Kihindu, makanisa, na ukikaa kimya jioni utasikia kengele na adhana zinapishana.

Afu unatokea barabara ya Kenyatta, Shangani. Hapa vijana watataka nyumba ya Freddie Mercury, yule muimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, baba yake alikuwa akifanya kazi serikalini, wakaondoka 1964. Kuna makumbusho yake yalofunguliwa 2019. Kama unazijua nyimbo ingia, kama unamjua kwa jina tu piga picha pale nje inatosha, ndani ni padogo na kiingilio si cha kucheka. Pesa taslimu kama zimekuishia mashine za benki ziko upande huu, toa hapa manake Forodhani usiku hakuna kadi.

Njia ya Gizenga kutoka Shangani kwenda Ngome Kongwe ni ya maduka ya zawadi, vikoi, picha za tingatinga, vinyago, sabuni za mwani. Vinyago vingi vinatoka bara, ukitaka kitu cha hapa nunua kanga Darajani au Mchangani, mkoba wa ukili, au halua. Bei ya kwanza ya Gizenga gawa kwa mbili afu anza mazungumzo.

Ngome Kongwe kuingia uwanjani ni bure. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17, palipokuwa na kanisa la Wareno, baadae ikawa jela. Ndani kuna ukumbi wa wazi wa mawe ambao tamasha la muziki la Sauti za Busara na lile la filamu yamefanyika miaka mingi. Uliza mlangoni kama usiku kuna kitu.

Pembeni yake ndo Beit al Ajaib, yani Jumba la Maajabu. Hapa utasikitika. Barghash aliijenga 1883, jumba la kwanza mjini kuwa na umeme na baadae lifti, na nguzo za chuma zilizozunguka kila ghorofa. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ulianguka wakati wa matengenezo, watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo limezungushiwa uzio na kazi ya kulirudisha ni ndefu. Na Makumbusho ya Kasri ya jirani uliza kwanza kama yamefunguliwa siku hiyo, majumba haya ya serikali yanafungwa kwa matengenezo mara kwa mara. Yakiwa wazi ingia, na uliza habari za Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alozaliwa Mtoni 1844, akajifundisha kuandika kwa siri wakati mabinti hawakuruhusiwa kuandika, akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani na mwaka 1866 akatoroka na meli ya Waingereza mpaka Aden, akaja kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete na kufa huko 1924. Mabibi zetu wengine mpaka leo wakimtaja wanashusha sauti.

Sasa simama ukutani baharini, mgongo kwa kasri, uangalie maji. Tarehe 27 Agosti 1896 manuari za Kiingereza zilikuwa zimejipanga hapo mbele. Sultani Hamad alifariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ruhusa ya Muingereza, akapewa mpaka saa 3 asubuhi ashushe bendera, hakushusha. Mizinga ilianza dakika chache baada ya saa 3 na kabla ya saa 4 imekwisha, wengi wanahesabu dakika 38, vita vifupi kuliko vyote duniani watu wanapenda kusema huku wanacheka. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa kama 500, hilo halichekeshi. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, wakampeleka Dar es Salaam. Meli ya sultani, Glasgow, ilizamishwa hapo hapo na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912. Ukijua haya, bandari unaiangalia kwa jicho jengine.

Ukiwa na nguvu tembea kwa njia ya Mizingani kama dakika tano mpaka zahanati ya zamani ya tajiri wa Kihindi Tharia Topan, jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, msingi wake uliwekwa 1887, likamalizika 1894 na mwenyewe keshafariki. Njiani utapita mti mkubwa, Mtini, mafundi wa ngalawa wanakaa chini yake, na hapo watakuita kwenda Changuu kuona kobe. Kobe wakubwa kweli, wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli 1919, lakini Changuu inakula nusu siku, ukiwa na siku moja iache. Mashamba ya viungo vilevile, acha. Wanaojaribu vyote siku moja wanamaliza wakiwa wameona gari.

Kabla ya saa 12 uwe ushakaa mahali panapoangalia magharibi, Shangani nzima inaangalia huko. Kwenye mahoteli utalipia soda kwa bei ya chakula, ufukweni ni bure na unatazama mpira wa watoto. Maji yakiwa yamejaa, mbele ya Forodhani vijana wanachupa kutoka ukutani, sarakasi hewani, kila mmoja anataka kumshinda mwenzake, na hapo ndo utoe simu yako, wenyewe wanapenda.

Baada ya magharibi, Forodhani. Bustani ilitengenezwa upya na Aga Khan 2009. Wapishi watakuita kwa lugha zote, wewe zunguka raundi nzima kwanza usinunue kitu. Mishkaki ya samaki na kamba ilopangwa vizuri inapendeza machoni, ila mengine imepikwa mapema na inapashwa moto tu, na ukisema ndio kwa kila kijiti hesabu ya mwisho itakutoa jasho. Kwahiyo uliza bei ya kila kimoja kabla hakijagusa moto, na uliza kwa Kiswahili. Angalia meza ambayo wenyeji wamesimama. Zanzibar pizza ijaribu, unga umekandwa mwembamba unajazwa nyama ya kusaga, yai, kitunguu, unakunjwa na kukaangwa juu ya chuma, ukiambiwa kuna ya chokoleti na ndizi hiyo ya watoto. Juisi ya miwa na ndimu na tangawizi, wasage mbele yako. Lakini kama kuna kitu kimoja cha kula ni urojo, na urojo bora haupo Forodhani. Upo mchana jioni vibarazani na kwa wamama mitaani: mchuzi wa njano wenye uchachu wa embe au ndimu, ndani viazi, bajia, kachori, mishkaki midogo, chipsi za muhogo zimevunjwa juu, chatne ya nazi, pilipili. Ukiwa Jaws Corner alasiri uliza urojo wa karibu uko wapi, ule hapo, usiku utapunguza mishkaki.

Kama usingizi haujakushika ulizia taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club pia bado wapo, siku za mazoezi mgeni akiomba kwa adabu anakaa pembeni akasikiliza qanuni na udi bila ya tiketi. Kurudi chumbani pita njia zenye taa na watu, Kenyatta au Creek Road, vichochoro vya ndani usiku wa manane waachie paka, na simu iwe mfukoni.

Tiketi ya kurudi ikate mapema, hasa Idi, Pasaka na mwisho wa mwaka boti zinajaa, na bandarini fika saa nzima kabla. Kama bahari ya kusi, Juni mpaka Septemba, inakusumbua tumbo, kaa chini katikati ya boti, na asubuhi hiyo usinywe maziwa.